Me au Ke: namna ya kuuliza kabla ya kumpa mtu kikombe cha mkojo

Andiko la utafiti likiletwa kwangu, sianzi na utangulizi. Utangulizi wote unafanana: ugonjwa fulani ni tatizo kubwa duniani, Afrika, na hapa Tanzania. Naruka hadi nyuma kabisa kwenye viambatisho, nafungua dodoso, natafuta kisanduku cha Me/Ke. Kipo siku zote. Kisha narudi kwenye sehemu ya uchambuzi kuona kisanduku hicho kimepewa kazi gani. Mara nyingi hakina kazi yoyote. Mwanafunzi amekiweka kwa kuwa kila dodoso alilowahi kuliona linacho.

Mimi ni nesi kwa kusomea, ila huu mwaka wa kumi na tisa niko kwenye tafiti za Kanda ya Ziwa. Nilianza kama mhojaji, nikawa msimamizi wa wahojaji, siku hizi nasafisha takwimu na kuwasomea wanafunzi wa vyuo vya afya maandiko yao hapa Mwanza. Shahada ya uzamivu sina. Nilicho nacho ni makosa niliyoyafanya kwa mkono wangu mwenyewe, na la kwanza kati ya hayo ndilo ninalofundishia mengine yote.

Kikombe cha saa nne

Ilikuwa shule ya msingi iliyo mbali kidogo na ziwa, penye malambo na majaruba ya mpunga, kule ambako kichocho cha mkojo kinasumbua kuliko kile cha tumbo. Utaratibu wake unajulikana. Mkojo unachukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi, na watoto hukimbizwa kidogo uwanjani kabla ya kupewa vikombe. Unachovya utepe wa kupimia, unahesabu sekunde, unaangalia kile kibandiko cha njano. Kikigeuka kijani, kuna damu, unaandika chanya. Kwa wavulana wa kijiji kama kile, damu kwenye mkojo ni ishara nzuri tu ya kichocho.

Tukaja kwa wasichana. Kijani kikazidi. Nikaandika chanya, chanya, chanya, na moyoni nikasema hawa wameathirika kweli. Msichana mmoja wa darasa la saba akakataa kikombe. Nikambembeleza, nikamwambia hakiumi. Akatazama viatu vyake. Matroni akanivuta pembeni: "Dada, huyo yuko kwenye siku zake. Na yule aliyemtangulia pia."

Yule aliyemtangulia nilikuwa nimeshamwandika chanya.

Dodoso letu lilikuwa na namba, umri, darasa, Me/Ke, na maswali sita kuhusu kuoga lamboni. Pa kuandika hedhi hapakuwepo. Jioni nikamweleza kiongozi wa utafiti, ambaye jina lake nitaliacha. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wasichana wa miaka kumi na mbili kwenda juu tuwatoe wote. Wanatuharibia takwimu."

Tukawatoa. Ripoti ikaja kusema habari za kichocho kwa "wanafunzi", na msomaji hakuwa na namna ya kujua kwamba wasichana wakubwa, wale wanaochota maji na kufua lamboni, hawakuwemo.

Dawa ya tatizo lile ilikuwa swali moja kabla ya kikombe, alama kwenye fomu, na kurudi wiki inayofuata kwa waliokuwa mwezini. Au tungechuja mkojo tukatafuta mayai kwa hadubini badala ya kuitegemea damu. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, wangepewa wote kama kawaida. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba yule bwana hakuwa peke yake, na kwamba hata panya walishatolewa kwa hoja hiyo hiyo. Mwaka 2011 Annaliese Beery na Irving Zucker walihesabu tafiti za wanyama wa maabara, wakakuta kwamba katika sayansi ya ubongo na neva, tafiti za madume peke yake zilizidi za majike peke yake mara 5.5. Sababu iliyokuwa ikitajwa ni kwamba jike ana mzunguko, majibu yake yanayumba. Mwaka 2014 Zucker na wenzake wakapitia makala 293 kuangalia kama ni kweli. Majike hawakuyumba kuliko madume. Tangu 2016 taasisi za taifa za afya za Marekani zinamtaka mwombaji wa fedha za utafiti aeleze jinsi (yaani me au ke) imezingatiwaje katika mpango wake, hata kama anachunguza panya.

Jinsi ni mwili, jinsia ni maisha

Kiswahili kimetupa maneno mawili na bado tunayachanganya. Jinsi ni mwili uliozaliwa nao: viungo, homoni, kromosomu. Jinsia ni yale ambayo jamii inakupangia kwa sababu ya mwili huo: nani achote maji, nani avue, nani aombe ruhusa kwenda zahanati. Fomu zetu nyingi zinaandika "jinsia" kwa yote mawili, na wanafunzi wanalikwepa neno "jinsi" kwa kuwa lina maana ya "namna" pia. Liandikeni tu. Na mkumbuke wapo wanaozaliwa huntha. Acheni nafasi ya kuandika kwa maneno badala ya kumlazimisha mtu kwenye kisanduku kisicho chake.

Ninachowaagiza wanafunzi ni hiki: kabla ya kuandika swali la utafiti, andika sentensi mbili. Moja ieleze ugonjwa huu unaukutaje mwili wa mwanamke na wa mwanamume. Ya pili ieleze unayakutaje maisha yao.

Kwa kichocho cha mkojo, sentensi ya mwili ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Mayai hayaishii kwenye kibofu. Kwa mwanamke hunasa ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yakaacha mabaka kama chembe za mchanga. Anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, anapata muwasho, uchafu, maumivu, na wengine hukosa mtoto. Yote hayo yanaweza kumpata huku mkojo wake hauonyeshi yai hata moja, kwa hiyo utafiti unaopima mkojo peke yake unampita. Sentensi ya maisha: anafua, anapanda mpunga, anaingia majini mpaka kiunoni. Akifika kituo cha afya na dalili hizo anadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, anaambiwa amlete mume, na nyumbani panawaka moto kwa ugonjwa uliotoka kwa konokono.

Zikitoka sentensi mbili tupu, si dhambi. Yapo maswali ambayo jinsi haibadilishi mengi. Ila andika kwamba umelifikiria.

Maswali yenyewe, na mahali pa kuyaulizia

Hapa ndipo ninapowachosha watu, na sitaacha.

Kwanza: "Leo uko kwenye siku zako, au zimeisha ndani ya siku tatu hizi?" Hili ni la utafiti wowote unaogusa mkojo au damu. Linaulizwa kabla ya kipimo, maana baada ya kipimo mtu anakuwa ameshaondoka.

Pili: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Usiulize tarehe kavu. Mwambie mama "tarehe ngapi?" naye atakutajia tarehe yoyote ili umalize. Nenda na kalenda yenye siku ya mnada, sikukuu, siku ya kliniki ya mtoto. "Ilikuwa kabla ya mnada uliopita au baada?" Hapo unapata jibu.

Tatu: ujauzito. Majibu yawe matatu: ndiyo, hapana, sijui. "Sijui" ni jibu halali kabisa. Kunyonyesha kuwe na swali lake. Msikubandike kwenye ujauzito kama vile ni kitu kimoja.

Nne: uzazi wa mpango. Dodoso nyingi zinauliza "Unatumia? Ndiyo/Hapana." Haitoshi. Taja vidonge, sindano, vijiti, kitanzi, nyingine. Sababu ninayowapa ni ya hapo jirani tu Uganda. Watafiti waliwafuatilia wanawake wanaoishi na VVU waliowekewa vijiti vya homoni ya levonogestreli huku wakimeza dawa za kufubaza zenye efavirenzi. Kabla ya wiki 48 kuisha, 3 kati ya 20 walikuwa wajawazito. Efavirenzi hulichangamsha ini likaisaga ile homoni upesi kuliko kawaida. Ukiwa na fomu ya ndiyo na hapana, mimba hizo utaziandika kama uzembe wa akina mama.

Tano: kukoma hedhi, na kama ameondolewa kizazi. Tumezoea ule umri wa miaka 15 hadi 49 mpaka fomu zetu zinamwacha mwanamke akitimiza hamsini, kana kwamba bila kuzaa hana mwili. Shinikizo la damu, mifupa, moyo, saratani ya shingo ya kizazi: vyote vinamngoja huko mbele.

Sasa mahali. Niliwahi kumhoji binti mmoja mke wa mtu, tumekaa mkekani, mama mkwe yuko hatua mbili anamenya mihogo. Nikauliza uzazi wa mpango. "Hapana, situmii." Nikaandika. Nilipoaga akanisindikiza hadi njiani, kama ilivyo ada. Tulipofika kwenye mwembe akasimama, akanishika mkono wangu na kuupeleka kwenye mkono wake wa kushoto, sehemu ya juu kwa ndani. Vijiti nikavisikia chini ya ngozi. "Dada, pale pale ulipoandika, rekebisha." Nikarekebisha nimeweka karatasi juu ya paja.

Tangu siku ile nawapangia wahojaji wangu hivi: maswali ya chakula, maji na nyumba yaulizwe ndani, mbele ya yeyote. Ya mwili yakae mwisho wa fomu, na mhojaji aombe asindikizwe. Mhojaji awe mwanamke, asiwe wa kijiji kile kile, na jibu liende kwenye namba ya mshiriki tu, kamwe lisiandikwe kwenye orodha ya kaya ambayo mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuiona.

"Wajawazito hawatahusika"

Mwanafunzi mmoja alileta andiko la kupima mzunguko wa mkono na shinikizo la damu, na kuuliza watu wanakula chumvi kiasi gani. Kwenye vigezo: "Wajawazito na wanaonyonyesha hawatahusika." Nikamuuliza kwa nini. "Kwa usalama wao, mama." Nikatoa utepe wangu wa fundi cherehani kwenye mkoba nikauweka mezani. Nikamwambia anionyeshe madhara yake.

Ile sentensi aliinakili kwenye andiko la majaribio ya dawa. Na kumbe sababu ya kweli alikuwa nayo mkononi: ujauzito hubadilisha shinikizo la damu, na linalopanda linaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja. Kwa hiyo unaweza kuwachambua peke yao, au kuwaacha na ukasema ni kwa nini. "Usalama" usiokuwa na maelezo, kamati ya maadili iurudishe.

Hofu hiyo ina chanzo chake, na siidharau. Talidomaidi, dawa ya usingizi na ya kichefuchefu cha mimba, iliuzwa Ulaya kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 na kuondolewa 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Ajabu ni funzo lililotolewa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingie hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Hata wenye kutumia uzazi wa mpango, hata wasio na mume. Maelekezo hayo yalikaa hadi 1993. Dawa ziliendelea kumezwa na wanawake, ila vipimo vilitoka kwa wanaume. Zolpidemu, dawa ya usingizi, iliidhinishwa Marekani 1992 kwa dozi moja kwa wote; mwaka 2013 ndipo dozi inayopendekezwa kwa mwanamke ilipopunguzwa kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa dawa ilichelewa kutoka mwilini mwake na asubuhi alikuwa barabarani anaendesha gari huku bado imo.

Kwa jirani zetu Kongo, mlipuko wa Ebola wa Kivu ulipoanza Agosti 2018, wajawazito na wanaonyonyesha hawakupewa chanjo. Mlango ukafunguliwa 2019. Fikiria una mimba, mumeo kafa kwa Ebola, na unaambiwa chanjo si yako kwa usalama wako.

Dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU, ndiyo ninayopenda kuisimulia, kwa kuwa ina pande mbili. Mei 2018 utafiti wa Botswana ulitoa tahadhari: kati ya wanawake 426 walioshika mimba tayari wakiitumia, watoto 4 walizaliwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Kuitangaza tahadhari ilikuwa haki. Kilichofuata ni nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, kuwawekea masharti wanawake wote wenye umri wa kuzaa. Julai mwaka huo wanawake wanaoishi na VVU wakakutana Kigali wakasema wapewe habari, kisha waachwe wachague wenyewe. Hesabu za Botswana ziliendelea, na 2019 zilisomeka 5 kati ya 1,683. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Kilichoiokoa ni kwamba Botswana walikuwa wakiendelea kuhesabu kila mtoto anayezaliwa katika hospitali zile. Wangeacha kuwahesabu wajawazito, ile 4 kati ya 426 ingekuwa hukumu ya milele.

Na mnaotaka mfano wa kuigwa kwenye andiko: majaribio ya lenakapaviri, sindano ya kinga ya VVU ya mara mbili kwa mwaka, yaliyofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake vijana. Aliyeshika mimba katikati hakufukuzwa. Alielezwa upya akachagua kubaki au kutoka. Majibu yalitoka 2024. Kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna aliyeambukizwa.

Namba

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa vitabu vipo.

Viwango vya kawaida havifanani. Wingi wa damu wa gramu 12.4 kwa desilita: kwa mwanamume ni upungufu, kwa kuwa mpaka wake ni 13. Kwa mwanamke asiye mjamzito si upungufu, mpaka ni 12. Kwa mjamzito 11, au 10.5 katika miezi mitatu ya katikati. Mwanafunzi akitumia 12 kwa kila mtu atawapa wanaume afya wasiyokuwa nayo. Kreatinini nayo, ile taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuona hali ya figo: misuli ya mwanamke kwa kawaida ni midogo, hivyo namba ile ile inaweza kumaanisha figo zilizochoka zaidi kwake. Tumia kanuni yenye jinsi ndani.

Sampuli. Ukikaa wagonjwa wa nje siku za kazi, utapata wanawake wengi kuliko wanaume. Ukikaa mwaloni alfajiri boti zinapoingia, utapata kinyume. Amua idadi ya kila upande kabla ya kuanza, ukafuate watu walipo.

Kosa ninalolikuta kila msimu ni la p, ile namba ambayo ikiwa chini ya 0.05 watafiti huhesabu kwamba matokeo si ya bahati tu: "Kwa wanawake p ni 0.03, kwa wanaume p ni 0.08, kwa hiyo dawa inafanya kazi kwa wanawake tu." La hasha. Pengine wanaume walikuwa wachache tu. Anayetaka kusema jinsi mbili zinatofautiana apime ile tofauti yenyewe, kwa kuweka kwenye modeli kipengele cha jinsi kuzidisha tiba. Na ajue mapema kwamba kuiona tofauti ya namna hiyo, ikiwa na ukubwa sawa na athari yenyewe ya dawa, kunadai sampuli ya kama mara nne. Huna watu hao? Toa jedwali lililogawanywa Me na Ke pamoja na mipaka ya uhakika, usitamke lolote, mwingine atakuja ayajumlishe na ya kwake. Usiniandikie "tulirekebisha kwa jinsi" ukadhani umemaliza. Kurekebisha ni kuifuta ile tofauti tuliyokuwa tunaitafuta. Na kama ulipima wanaume tu, liseme kwenye kichwa cha andiko, kama SAGER, miongozo ya 2016 ya kuandika jinsi na jinsia katika tafiti, inavyotaka.

Kabla ya kuchapa

Wape fomu wanawake watano wa kweli, si wenzako wa darasani. Muuza dagaa, mwalimu, bibi, binti wa sekondari, mama mwenye kichanga. Mwezi uliopita tulifanya hivyo na dodoso tuliloliona limekamilika. Muuza dagaa alipofika kwenye swali la siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, akacheka. "Mimi niko kwenye sindano, mwaka wa pili huu sijaiona. Sina mimba, sijazeeka. Mmeniweka wapi?"

Tulikuwa na kisanduku cha mjamzito, cha anayenyonyesha na cha aliyekoma. Chake hakikuwepo. Tukarudi ofisini, tukakiongeza, tukachapa upya nakala mia nne.